Kazi Mbichi Haionyeshwi

Mtu akikuambia kwamba Mwandiko hakuwa na maringo, mtu huyo hakumjua. Alikuwa nayo, tena kwa haki yake. Kabla mashine za kuchapa mabango hazijaingia mjini, milango mingi ya biashara ilikuwa imepita mikononi mwake: duka la dawa, duka la vipuri, kinyozi, shule ya udereva, hata fundi majeneza aliyetaka maandishi ya kuvutia wateja, Mwandiko akamwambia wateja wako hawasomi. Herufi zake zilisimama wima kama watoto wa shule kwenye mstari wa asubuhi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Mwandiko, na aliyemwita vinginevyo aliitikiwa akishachoka kuita.

Kazi aliifundishwa na mzee mmoja mkali, na pamoja na kazi akarithi sheria zake. Ubao ambao haujakwisha hufunikwa gunia. Mteja akija kuchungulia, huambiwa, "Kazi mbichi haionyeshwi," na kurudishwa alikotoka. Maana mteja akiuona uso usio na macho, au herufi zisizo na kivuli, moyo wake huingia doa, na hata ukimalizia vizuri namna gani, yeye atabaki anaona ile ya jana. Sheria ya pili ilikuwa kwamba ubao ulioharibika hautupwi. Unapakwa nyeupe, ukikauka unaanza upya juu yake. Ndiyo sababu hakuna mtu aliyewahi kuona kosa la Mwandiko. Makosa alikuwa nayo kama fundi mwingine yeyote, ila yote yalilala chini ya rangi nyeupe.

Mdogo wake, yule aliyemfuata ziwa, alikuwa msusi, na mtaa ukamwita Kitana. Alikuwa na mdomo. Ukikaa kwenye kiti chake kusukwa uliondoka na nywele nzuri na habari za watu wote. Alipofungua saluni yake, dada mtu alijitolea kumchorea ubao, na akasema kwamba safari hii hatachora mwanamke wa kubuni, atamchora Kitana mwenyewe. Akamkalisha kwenye stuli tangu asubuhi. Jua lilipofika kichwani akaondoa gunia. Kwenye ubao palikuwa na mwanamke mwenye shingo ndefu, kope kama fagio, na midomo myekundu ya kopo jipya.

"Dada, huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi? Labda nikifa nikazaliwa kwao."

Ulikuwa uso uleule aliouchora kwenye saluni zote za mjini. Mkono wake uliujua kwa moyo, na mkono ukijua kitu, jicho hujiendea likizo. Kitana alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema neno ambalo dada yake hakulisahau. "Umeniweka kwenye stuli mpaka miguu imekufa ganzi, kumbe hukuniangalia hata mara moja."

"Iko siku nitakuchora ulivyo," Mwandiko akajibu, kwa hasira ya mtu aliyeguswa penyewe.

Siku hiyo ilikawia. Walilea, walizika, walihamahama. Mume wa Mwandiko alifariki kwa ugonjwa wa kawaida. Wa Kitana alitoka kwenda kununua betri za redio, na kama Kitana alivyopenda kusema, mpaka leo bado anachagua. Mwisho wa yote dada hawa wawili wakajikuta kwenye nyumba moja ya vyumba viwili na kibaraza, jirani na fundi viatu aliyepiga misumari yake kutwa na kuingilia mazungumzo yasiyomhusu. Mashine za mabango zilikuwa zimekwisha kuifunga kazi ya Mwandiko. Binti wa pekee wa Kitana aliajiriwa kwenye duka la kuchapa mabango hayohayo, na Mwandiko alipopewa habari alisema, "Vizuri. Tumelea adui, naye kapata kazi."

Kisha macho ya Kitana yakaanza.

Kwanza alikuwa akigonga bega kwenye fremu ya mlango na kuulaumu mlango. Halafu mteja mmoja alifika nyumbani kwake, akajitazama kwenye kioo, akarudi kulalamika kwamba njia ya nywele imepinda kama ya ng'ombe. Kitana hakuwahi kupindisha njia ya nywele maishani mwake. Binti akampeleka kwa daktari wa macho, na Mwandiko akafuatana nao.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "Inakula kutoka pembeni kuja katikati. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Nitakupa dawa ya matone, itachelewesha."

"Itachelewesha mpaka lini?"

"Hilo siwezi kukuahidi, mama."

Walipofika kibarazani Kitana alifunga vidole vyake duara, akaweka kwenye jicho, akamtazama dada yake. "Naiona dunia hivi. Kama kwenye tundu la ufunguo. Lakini tundu bado kubwa, usilie."

"Nani analia?"

"Dada, sikiliza. Ile ahadi yako naitaka. Kioo kinanionyesha ninavyojikagua, na hiyo nimeichoka. Nataka nione wewe unavyoniona. Kabla hili tundu halijajifunga."

Mwandiko aliitikia kwa kichwa. Alipokwenda kufungua makopo yake ya zamani, rangi ilikuwa imekauka kama mawe, na hata isingekauka, harufu ya rangi ya mafuta ilikuwa imemharibu kifua miaka mingi iliyopita. Hapo ndipo binti alipoleta tableti. Ilikuwa imestaafishwa kazini kwao, ina ufa pembeni, lakini kalamu yake nzima na ndani yake mna programu ya kuchorea yenye brashi za kila namna.

"Mama mkubwa, hii haina harufu."

"Na rangi iko wapi?"

"Rangi zote zimo humo."

"Zote?" Mwandiko aliipindua, akatazama nyuma yake kama mtu anayekagua samaki. "Mimi sijawahi kumiliki zote."

Binti alimwonyesha video za mwalimu mmoja wa kuchora kwenye kioo cha tableti. Mwalimu yule alikuwa na neno moja alilolirudia kila video: chora kitu kimoja kila siku, kilicho mbele yako, wala usichore kilicho kichwani mwako. Mwandiko alilichukua kama dawa ya hospitali. Kila asubuhi, chai ikishanyweka, aliketi karibu na dirisha akachora kitu.

Alianza na yai. Utasema yai ni nini, lakini yai lilimtoa jasho. Alilizungushia mstari mweusi kama alivyozungushia kila kitu maisha yake yote, akalijaza rangi, akakuta amechora sahani.

"Dada, yai lako limepigwa pasi," Kitana alisema, amelisogeza karibu na pua. Hayo mazoezi ya vyombo aliruhusiwa kuyaona. Yai halikuwa kazi, lilikuwa kunoa kisu.

Kesho yake yai tena, na kesho yake. Asubuhi moja Mwandiko aliiweka kalamu chini, akakaa kulitazama yai lenyewe mezani, akafumba jicho nusu kama mwalimu alivyoelekeza, na mwili ukamsisimka. Yai halikuwa na mstari. Upande mmoja lilikuwa jeupe kuliko ukuta, upande wa pili lilikuwa jeusi kuliko ukuta, na katikati lilipita polepole kutoka huku kwenda kule. Mstari aliokuwa akiuchora miaka yote ulikuwa wake yeye, kwenye yai haukuwamo. Alitoka kibarazani akamwambia fundi viatu, "Duniani hakuna mstari."

"Mwambie hayo askari wa barabarani," fundi viatu akajibu, na msumari mdomoni.

Toka hapo alikwenda mbele kama mtu aliyepewa njia. Alichora kikombe, akajua kwamba ndani ya kikombe mna rangi ya chai hata kisipokuwa na chai. Alichora sufuria, akaiona sura yake mwenyewe imevutwa ubavuni mwa sufuria, akaichora na hiyo. Alichora taulo lililotupwa kitini. Siku nyingine hakuna kilichotoka, akanuna hadi mchana. Hakuruka hata asubuhi moja.

Jambo moja tu alikataa kufundishwa. Binti alimwonyesha namna ya kufungua karatasi mpya, na namna ya kuhifadhi kila mchoro peke yake. "Ukimaliza, bonyeza hapa, unapata nyingine safi. Hazimaliziki."

"Ubao ni ubao," Mwandiko alisema. Akachagua brashi nene kuliko zote, akachagua nyeupe, na akaupaka mchoro wa siku ile kuanzia juu mpaka chini, akaanza mwingine juu yake. Yai lilizikwa chini ya kikombe, kikombe chini ya sufuria. Binti alishika kichwa, akakata tamaa.

Na kila asubuhi, kabla kalamu haijagusa kioo, Kitana alikuwa anauliza kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Leo ni mimi?"

"Mkono bado."

"Mkono wako unasubiri posho?"

"Haraka haraka haina baraka, Kitana."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Walicheka. Palikuwa bado na kicheko.

Asilolijua Kitana ni kwamba dada yake alikuwa amekwisha kujaribu. Ilikuwa wakati wa mvua, wateja wachache, naye Kitana akisinzia mlangoni na redio mapajani, mwanga wa nje umemwagika shavuni. Mwandiko aligeuza kiti taratibu akaanza. Alipomaliza macho, moyo ulimtoka. Kope kama fagio! Yule mwanamke wa saluni alikuwa amengoja pale ndani ya mkono miaka yote. Akampaka nyeupe kwa hasira.

Mara ya pili alijilazimisha kutazama. Kope zikatoka sawa, lakini pua ikawa nene, imekaa kwa kujiamini, na alipoitazama vizuri akagundua kwamba ni pua ya mjomba wao, ndugu wa mama, mzee aliyekuwa akikoroma mpaka kuku wanahama. Nyeupe.

Mara ya tatu, siku nyingine ya mvua, jambo lilitokea. Pua bado ilikuwa ile ya mjomba, shingo ilikuwa fupi, sikio hata hakuligusa. Lakini mdomo ulitoka. Ulikuwa mdomo wa Kitana hasa, ule wa kabla ya kumtania mtu, pembe moja imepanda, umeshikilia maneno. Mwandiko aliinua tableti akaitazama kwa mbali. Hakuwahi kumwona mdogo wake hivyo, na alikuwa amemwona maisha yake yote.

"Unachora nini?" Kitana alikuwa ameamka.

"Sufuria."

"Sufuria gani unaitazama kwa huruma namna hiyo? Hebu nione."

"Haijaiva."

"Dada, lete nione. Hata ikiwa mbichi nitaitafuna."

Kitana alinyoosha mkono, na kutoka kitini kwake hadi dirishani hapakuwa mbali. Mwandiko aliiona ile shingo fupi. Aliiona pua. Alimsikia tena yule Kitana wa siku ya ubao wa saluni, akicheka ameshika ukuta. Akasema, "Kazi mbichi haionyeshwi," na kalamu ikapita nyeupe, kutoka juu mpaka chini, mkono wa mdogo wake ukiwa bado umenyooshwa.

"Haya," Kitana alisema, akaurudisha mkono. "Fundi ni wewe."

Baada ya hapo Mwandiko aliamua kwamba uso unataka maandalizi. Alimkodi fundi viatu kwa vikombe vya chai. Alichora kiganja chake, gumba lake lililovimba kwa nyundo, halafu masikio yake, la kulia kisha la kushoto.

"Fundi mwenzangu," yule jirani alilalamika, "sikio langu limekukosea nini? Hata marehemu mke wangu hakulitazama hivi."

"Nyamaza, unatikisa kivuli."

Alijifunza kwamba kivuli kwenye ngozi si cheusi. Kina zambarau, kina kijani kidogo, na sikio likiwa na mwanga nyuma yake huwaka jekundu kama kaa. Zamani rangi ya ngozi kwake ilikuwa kopo moja la kahawia. Sasa alikuwa anachanganya mpaka binti, akirudi kazini jioni, anasimama nyuma yake bila kuvua viatu na kusema, "Mama mkubwa, pale kazini hakuna mtu anayeweza hivi." Sifa hizo zilimwingia. Akaongeza mwezi wa pua. Akaongeza shingo na mabega. Kila alichokiweza kilimwonyesha kingine asichokiweza, na alijiambia kwamba Kitana anastahili kitu kilichokamilika, si cha kubahatisha. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ilikuwa pembeni yake, kwamba aliogopa kuchekwa, na hiyo hakujiambia.

Kitana naye alikuwa na maringo yake, walizaliwa tumbo moja. Wateja aliwaacha mmoja mmoja akisingizia mgongo. Chai aliimimina kidole kikiwa ndani ya kikombe, apate kujua imefika wapi, na mtu akimwona alisema anapima joto. Aliijua nyumba kwa miguu. Alipotaka kuvuka kwenda kwa fundi viatu alingoja nyundo ilie, akafuata mlio. Asubuhi aliendelea kuketi mlangoni, lakini swali lake lilifupika. Kutoka "Leo ni mimi?" likawa "Bado?" Kisha hata hilo likakoma. Mwandiko, aliyekuwa akilitazama sikio la fundi viatu kwa jicho la kutoboa, alidhani mdogo wake hatimaye amejifunza subira.

Ndipo ikafika asubuhi aliyonyoosha vidole vyake, akavitazama, akasema, "Kitana. Njoo ukae kwenye stuli. Leo ni wewe."

Kitana aliinuka, akagusa ukuta, akaja akaketi. Alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kijani kichwani. Aliuelekeza uso dirishani bila kuambiwa.

Ile kazi ilichukua asubuhi kadhaa. Mwandiko hakuwahi kufanya kazi kama ile. Alimtazama mdogo wake kipande kwa kipande: mfupa wa shavu, mkunjo ulioachwa na kucheka, kovu dogo nyusini la utotoni walipogombania ndoo. Alitazama na macho pia, akayachora yalivyo, yametulia, yanaangalia mbali. Alidhani ni uvumilivu wa mtu anayechorwa. Jicho lililokwisha kunolewa namna ile liliona rangi ya mboni, likaona mwanga wa dirisha ndani ya mboni, lakini halikuona kwamba macho yale hayakumfuata alipoinuka kunywa maji.

Alipomaliza alifunika tableti kwa taulo, kwa kuwa gunia hakuwa nalo, akawaita binti na fundi viatu. Akasimama kama siku zile anapomkabidhi mteja ubao. Akaondoa taulo.

Fundi viatu alirudi nyuma hatua moja. "Huyu anataka kunitukana! Mtazame mdomo!"

Machozi yalimtoka binti, akayafuta kwa kiganja, yakatoka mengine.

"Mpe mwenyewe," Mwandiko alisema, na sauti yake ilikuwa ya msichana.

Kitana aliipokea tableti kwa mikono miwili. Aliiweka mbele ya uso. Akaisogeza kushoto, polepole, akairudisha kulia. Akaileta karibu mpaka pua ikagusa kioo. Wote walingoja mzaha wake.

"Naona mwanga," alisema.

"Mwanga wa dirisha huo, upo shavuni," Mwandiko alieleza haraka. "Nimeanza na upande ule kwa sababu..."

"Mwanga wa tableti, dada. Kama dirisha lenye pazia."

Nyundo ya fundi viatu ilikuwa mkononi mwake, akaiweka chini bila kuigonga.

"Tangu lini?" Mwandiko aliuliza.

"Tundu lilijifunga ulipokuwa kwenye masikio ya huyu bwana. Sikio la kulia nadhani, sikumbuki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza kila asubuhi. Ulitaka nikuulize kwa tarumbeta?"

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu. Fundi viatu aliaga kwa kukohoa, akaenda zake. Binti, kama vijana wengi, hakuweza kuvumilia kimya cha wakubwa, akaichukua tableti kwa mama yake akaanza kubonyezabonyeza, atafute lolote la kuchangamsha nyumba.

"Mama mkubwa, unajua programu hii inajirekodi? Kila ulipopitisha kalamu imeweka. Na kwa kuwa uling'ang'ania ubao mmoja, basi kila kitu kimo humu, tangu mwanzo. Subiri. Mama, nitakuwa nakusimulia."

"Acha," Mwandiko alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo, na video ilikuwa imekwisha kuanza.

"Yai," binti alisimulia, akiruka maneno kwa kasi ya picha. "Nyeupe. Yai lingine, baya. Nyeupe. Yai, yai, hili zuri. Kikombe. Sufuria, na mama mkubwa mwenyewe ubavuni mwa sufuria, ha! Taulo. Nyeupe. Sasa kuna mtu. Ana kope... nyeupe. Taulo. Mtu tena, pua... nyeupe. Kikombe kile cha bluu. Sasa..."

"Sasa nini?" Kitana aliuliza.

"Mama, ni wewe. Umesinzia. Mdomo ni wako kabisa." Kisha, polepole, "Nyeupe."

"Simamisha. Hiyo ni ya lini?"

"Ni wakati wa mvua. Kabla hujaacha kusuka."

Kitana alikunja mikono mapajani. "Wakati wa mvua nilikuwa nasoma maandishi kwenye chupa ya matone. Herufi zile ndogo za chini." Akaugeuza uso palipokuwa na pumzi ya dada yake. "Ile sufuria."

"Ndiyo."

"Ndiyo uliyoipaka nyeupe mkono wangu ukiwa umenyooshwa hapa."

"Ilikuwa mbichi, mdogo wangu. Shingo ilikuwa fupi. Nayo pua, nisikudanganye, ilikuwa ya mjomba."

"Ya mjomba mkoromaji?"

"Ileile."

Kitana alicheka. Kilimtoka kicheko chake cha zamani, kile cha kushika ukuta, na Mwandiko naye akaanza kucheka kwa sababu miaka yote walikuwa wakicheka pamoja. Kikakatika katikati.

"Ningeiona pua ya mjomba usoni kwangu," Kitana alisema. "Ungenipa hiyo, dada. Nilikwambia nitaitafuna mbichi."

Mwandiko alikaa kwenye stuli ambayo mdogo wake alikuwa ameikalia. Binti aliisukuma tableti mezani, picha iliyokamilika ikiwa juu, nzuri kama kitu chochote kilichowahi kutoka katika nyumba ile.

"Basi niambie," Kitana alisema. "Si umenitazama? Nieleze nilivyo."

Mwandiko aliichukua picha, akaanza. "Paji la uso lina mwanga kushoto. Chini ya jicho pana kivuli, si cheusi, kina zambarau kidogo. Shavu limeshuka, lakini mfupa umelishika. Kitambaa cha kijani kimetupa rangi yake hapa shingoni..."

"Hizo ni rangi. Nimekuuliza nilivyo."

Mwandiko aliiweka picha chini. Akamtazama mdogo wake mwenyewe, pasipo kalamu mkononi, kwa muda mrefu. Maneno hayakuwa kazi yake. Maisha yote aliyachora tu, ya watu wengine, herufi kwa herufi.

"Umefanana na mama," alisema mwishowe.

"Mama yupi? Wa ujana wake au wa mwisho?"

"Wa mwisho."

Kitana alijipapasa uso kwa ncha za vidole, paji, mashavu, akafika mdomoni akaacha. "Hilo ningependa kuliona mwenyewe," alisema.

Kisha akainuka, akakataa mkono wa dada yake uliomwendea kwenye kiwiko, akaufuata ukuta mpaka jikoni. Wakamsikia akitafuta vikombe.